Naombeni ushauri: kampuni inataka kujenga ghorofa mpaka bondeni kwetu, nimeteuliwa kusemea mtaa na sijui nisemeje

FundiTailizi

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu.

Mi naishi upande wa Kijichi huku Temeke, nyumba ya bi mkubwa. Chini ya nyumba yetu kuna bonde, kina mama wanalima matembele na mchicha, katikati kuna kijito, ukishuka nacho zaidi maji yanaanza kuwa ya chumvi unakutana na mikoko. Sasa kuna kampuni (jina naliacha) imenunua mashamba ya minazi ya watu watatu pale juu, na eneo lao linashuka mpaka bondeni. Wanataka kupiga ghorofa za makazi, nyumba 300 na kitu, vyumba viwili viwili, tumeambiwa ni za mwananchi wa kawaida.

Wameahidi lami mpaka getini kwao, na geti lao likishafika huko maana yake lami imepita kwetu. Wameahidi kuvuta bomba la maji. Na ajira kwa mafundi wa mtaa, msimamizi wao kashachukua na namba yangu kabisa.

Shida ni hii. Mwaka 2024 mwezi wa 4 zile mvua, maji yalifika ngazi ya tatu ya baraza yetu na ngazi ziko nne. Bonde lilijaa siku tatu alafu likashuka taratibu. Bi mkubwa anasema lile bonde ndo lilitubeba, siku likijazwa kifusi maji yatakuja kulala sebuleni. Na wiki iliyopita tipa mbili zimemwaga kifusi usiku, asubuhi matuta ya matembele ya mama mmoja hayaonekani.

Lakini ukiongea hivo watu wanakushangaa, maana masika hiyo hiyo kuna mama mjamzito alibebwa kwenye kiti cha plastiki mpaka barabara kubwa, bajaji zote zimegoma kushuka. Kwa hiyo ukigusa lami unaonekana adui.

Kwenye mkutano wa kwanza ilipita karatasi, jina, namba ya simu, saini, kila mtu soda na elfu kumi. Nilisaini. Jumamosi ijayo wanakuja wale wataalam wa mazingira na mtaa umeteua watu watano tuseme, mmoja mimi. Niseme nini wakuu? Nikikataa nimewanyima watu lami, nikikubali nimemzamisha mama yangu.

---

Kobe wa Mjini

Chukua kazi ya tailizi mkuu, kaa kimya. Nyumba 300 una hela ya kujenga ya kwako mlimani huko Goba, bi mkubwa unamhamisha. Hizo habari za mikoko waachie wenye ofisi zao.

---

FundiTailizi

Kobe, bi mkubwa hata kulala kwa dada yangu siku mbili hataki, anasema kuku wake watalala wapi. Kumhamisha sahau.

---

bikoni_namba_7

Mkuu mi ni mpimaji, ngoja nikueleze kidogo maana naona mnachanganya mambo mawili. Swali sio mradi ujengwe au usijengwe. Pale juu kwenye minazi wajenge tu, ardhi ni yao na Dar hii watu wanahitaji nyumba, sensa ya 2022 imetuhesabu milioni 5 na laki 3 na ushee na kila mtu anataka pa kulala. Swali ni kile kipande cha chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Hiyo mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, iko chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), huendi tu ukakata mchu na mkandaa (aina za mikoko) kwa sababu umeonyesha hati ya shamba la minazi.

Alafu hiki kifusi cha usiku ndo kimenistua. Mradi mkubwa kama huo lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, unasajiliwa NEMC (baraza la mazingira la taifa), mtaalam mwelekezi anafanya utafiti, ripoti inapitiwa, mwisho ndo cheti kinatoka. Kabla ya cheti hawatakiwi kuanza. Sasa kama wataalam ndo kwanza wanakuja kuwasikiliza, hizo tipa zimeanza kwa cheti kipi? Piga picha kifusi, andika tarehe, peleka kwa afisa mazingira wa manispaa na nakala ofisi ya NEMC ya kanda. Usiende mwenyewe, nendeni na yule mama wa matembele.

---

Mama Mabwepande

Mwanangu mimi nilikuwa Jangwani, bonde la Msimbazi. Desemba 2011 maji yalikuja usiku, tukapanda juu ya bati na mwanangu wa mwisho nimemfunga khanga mgongoni, tumekaa huko mpaka kumekucha. Mwaka ule walikufa watu zaidi ya 40 hapa Dar. Tukapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, tukaanza na mahema, mimi nilikuwa nauza chapati Kariakoo, ukitoka Mabwepande kwenda Kariakoo na kurudi nauli imekula faida yote ya chapati. Wengine waliuza viwanja wakarudi bondeni na siwacheki, najua kwa nini.

Sasa hivi nasikia serikali imekopa Benki ya Dunia dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, watu wamelipwa wahame, Jangwani ipumue. Yaani huku wanakopa kumtoa mtu bondeni na huko kwenu mtu anaingizwa bondeni upya tena kwa mkopo wa nyumba wa miaka 15. Mwambie mama yako nampa pole na kuku wake.

---

Mpangaji wa Kudumu

Samahanini, naona kila mtu anasemea maji, acha na mimi niwasemee wapangaji. Nna miaka 11 Dar nimehama mara 7. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mwingine mwaka, ukilipa baada ya miezi minne mwanae anaoa anataka chumba. Mnaosema bonde bonde wengi mna nyumba za urithi kama huyu ndugu yetu (sio kwa ubaya mkuu). Na tusipojengewa ghorofa mnafikiri tunaenda wapi? Tunaenda Chanika, tunaenda Mvuti, tunakata msitu huko tunajenga kimoja kimoja na kila mmoja na choo chake cha shimo, hiyo athari nayo nani anaipima? Ghorofa tano kwenye eka chache zinabeba watu ambao wangekula kijiji kizima.

Mfano upo, Magomeni Kota. Zilikuwa kaya 644 kwenye vinyumba chakavu, zikajengwa ghorofa zenye nyumba 656, Machi 2022 Rais kazindua na wenyewe wakarudi pale pale. Hakuna aliyepelekwa porini. Kwa hiyo mi sipingi ghorofa hata kidogo. Ila kitu cha kuuliza Jumamosi ni BEI. Huyo "mwananchi wa kawaida" ni nani? Kama nyumba ya vyumba viwili ni milioni 90 hiyo faida kwa umma iko wapi, ni faida kwa matajiri wa Oysterbay wanaotafuta cha kupangisha.

---

FundiTailizi

Mpangaji umenigusa kiukweli. Bei nimemuuliza msimamizi akasema milioni 85 "kuanzia". Na nikamuuliza kwa nini wasiache bonde, akasema wakiacha bonde wanapoteza majengo mawili, nyumba karibu 80, na zile zinazobaki bei itapanda. Sasa hapo ndo nachanganyikiwa, nyumba 80 ni familia 80, na sisi tunaoingiliwa na maji kwa hesabu ya mtaa tuko kama kaya 40.

---

bikoni_namba_7

Hesabu ya 80 kwa 40 ni ya kwao hiyo, usiibebe. Wale 80 ndo watakaolala juu ya kifusi bondeni, masika ikija mna kaya 120 kwenye maji. Alafu nyumba 80 haziwezi kupanda juu? Majengo ya ghorofa nne yakawa tano, nyingi zimerudi. Gharama inaongezeka ndio, lifti na msingi, lakini kujaza bonde nako si bure, waambie wakupigie hesabu hizo tipa zote ni shilingi ngapi.

---

Mjukuu wa Pwaza

Sisi tunaotega kaa hapo chini hatujaitwa hata kwenye mkutano, maana "sio wakazi". Mikoko ikifukiwa hakuna kaa, kamba wadogo wanakulia humo humo kwenye mizizi. Nawakumbusha tu.

---

Nilikuwa Saiti

Nimefanya kazi na kampuni ya ushauri wa mazingira miaka mitatu kama msaidizi wa kukusanya maoni, kwa hiyo hiyo karatasi naijua vizuri maana nilikuwa naizungusha mimi. Ile ni orodha ya mahudhurio, inabandikwa nyuma ya ripoti kama kiambatisho. Kisheria haisemi umekubali. Ila mtu wa ofisini anayesoma ripoti ya kurasa 200 akiona saini 140 nyuma na mbele imeandikwa "wananchi waliupokea mradi kwa furaha" unadhani ataelewa nini. Dawa yake ni maandishi. Jumamosi nendeni na barua yenu ya ukurasa mmoja, saini zenu watano, muhuri wa serikali ya mtaa, nakala mbili, moja wakugongee "imepokelewa". Barua haiwezi kuandikwa kuwa mlifurahi.

Na kwenye barua msiandike "tunaogopa mafuriko", kila mtaa unaandika hivyo. Andika vitu vinavyopimika. Uliza sakafu ya chini ya jengo la mwisho kule bondeni iko juu kiasi gani kuliko pale maji yalipofika 2024. Uliza majitaka ya nyumba 300 yanakwenda wapi, maana huko hakuna bomba la majitaka, wakikwambia shimo na gari la kunyonya basi uliza gari ngapi kwa wiki na likiharibika je, kwa sababu nimeona saiti moja walikuwa wanafungulia usiku mvua ikinyesha na asubuhi kila mtu anasema ni harufu ya bahari. Uliza maji, bomba likichelewa watachimba kisima kirefu, hicho kinatakiwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na huko karibu na chumvi ukivuta sana visima vyenu vya jirani vinaanza kuwa na chumvi. Na ile lami muwaambie iwe na mitaro na ijengwe KABLA ya ghorofa, sio baada. Lami isiyo na mtaro ni mto mwingine mmejengewa mlangoni.

Yote hayo ombeni yaingie kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira ambao uko ndani ya ripoti, maana cheti kinatoka na masharti na hayo masharti ndo ya kuwashikia baadae. Ahadi ya kwenye mkutano na soda haimo kwenye cheti.

---

Dada wa Mbagala

Mi nna moja tu kaka Fundi. Kabla hujafungua mdomo waambie wenzio wanne kwamba msimamizi ana namba yako na kakuahidi tailizi. Ukisema mradi uendelee watasema umenunuliwa, ukisema usiendelee watasema amekunyima kazi. Bora wajue toka kwako. Ikibidi kaa pembeni, mwingine asome barua.

---

Kobe wa Mjini

Haya nyie wasomi mmeshinda, ila msije kulia hapa lami ikienda mtaa wa pili.

---

FundiTailizi

Nimerudi wakuu. Dada wa Mbagala nimefanya kama ulivyosema, jana jioni nimewaambia wenzangu, mmoja akacheka akasema hata yeye ameahidiwa kuuza kokoto. Barua atasoma mwalimu mstaafu, yeye hajaahidiwa kitu, analalamika kwa nini. Mjukuu wa Pwaza, nimeongeza mstari wa watu wa kaa.

Leo asubuhi nimeshuka bondeni na futi kamba yangu ya mita 30. Nimeanzia ukingo wa kijito, matope mpaka kwenye magoti, bi mkubwa kasimama juu ananishikia ncha ya futi kamba na kunitukana. Kutoka ukingoni mpaka bikoni yao ya chini (ile alama ya mpaka wa eneo lao) ni mita 37. Nimepima mara mbili. Alafu nikapiga picha ya ukuta wa baraza, ule mstari wa tope la 2024 bado upo chini ya rangi, nikaweka futi pembeni isomeke.

bikoni_namba_7 nna swali, hizo mita 60 zinaanzia ukingo wa kiangazi au wa masika? Maana masika ukingo ni ngazi ya tatu ya kwetu.

Na mwenyekiti kashanipigia simu anauliza nilikuwa napima nini bondeni. Nimemwambia tailizi.