Chris Borland kuacha mpira akiwa na miaka 24: uoga au akili?

Wakuu, hii mada imenikaa moyoni muda mrefu.

Machi 2015 San Francisco 49ers, timu ya NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani), waliondokewa na malainibeka wawili ndani ya wiki moja. Kwa wasiofuatilia mpira wa Kimarekani, lainibeka husimama nyuma ya ukuta wa mbele wa ulinzi. Kazi yake ni kumvaa mwenye mpira na kumlaza chini. Patrick Willis alistaafu akiwa na miaka 30, miguu imemchosha. Sikusikia aliyemlaumu. Siku chache baadaye Borland, kijana aliyeziba pengo la Willis na kuangusha wapinzani zaidi ya mara 100, akaaga baada ya msimu mmoja tu, kwa kuhofia ubongo wake. Huyo akaitwa mwoga.

Mimi nasema alifanya sawa kabisa. Kambini 2014 aligongana na mchezaji mzito, kichwa kikazunguka, akanyamaza na kuendelea na mazoezi. Alikuwa mgeni, anatafuta namba. Baadaye akajiuliza kama ndivyo atakavyoishi utu uzima wake wote, akaanza kusoma na kuuliza wataalamu. Junior Seau, lainibeka wa misimu 20, alijiua mwaka 2012 akiwa na miaka 43. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kichwa kugongwa tena na tena, na ambao hauthibitiki mtu akiwa hai. Borland angesubiri dalili gani?

Mchangiaji: Mkuu, nakuheshimu, ila Borland alikuwa na shahada ya historia ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Yule ambaye mama yake bado anahangaika na kodi ya nyumba unamshauri nini? Halafu timu ilishamlipa.

Mleta mada: Pesa hakukimbia nazo, ndugu yangu. Bonasi ya kusaini ilizidi dola 600,000, akakubali kurudisha kama robo tatu. Hilo la kodi limenigusa, sina jibu jepesi. Lakini huyo mwenye shida ndiye atakayenyamaza kuliko Borland, maana akisema kichwa kinamzunguka, kuna kijana mwingine benchi anaingia, na mikataba mingi ya NFL hailipwi yote ukitemwa. Mguu wa Willis daktari aliuona. Hiki cha ndani ya fuvu nani atakisema, kama mwenyewe anaogopa kupoteza namba?