Wanaolala stesheni Kigoma wapewe vyumba na kazi, au tunawalea?

Mwisho wa Reli
Mwakeye wadau. Juzi kwenye kikao cha mtaa lilizuka wazo: maghala mawili matupu karibu na stesheni yagawanywe vyumba, wanaolala barazani Lumumba na pale soko la Mwanga waingie humo, kisha watafutiwe kazi, iwe bandarini au kwenye mawese. Nusura watu washikane mashati. Mimi naunga mkono. Kuna mzee nampita kila alfajiri nikienda kufungua duka. Anatandika boksi la sabuni, viatu anavilalia kama mto, kamba zake kazizungusha mkononi ili mwizi akivuta aamke. Mnasemaje?

Mgebuka Mkavu
Chumba cha bure? Mimi nimepanga Katubuka, 30,000 kwa mwezi, na hakuna aliyenionea huruma. Kesho na sisi tuhamie barazani.

Binti Gungu
Mgebuka, siku unaingia mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mingapi? Sita, bisha. Hiyo ni 180,000 taslimu. Mbeba mizigo anayepata 3,000 leo na kuila leo ataikusanyia wapi, kwenye soksi? Watu wanakwama hapo kwenye miezi sita.

Mgebuka Mkavu
Mimi nilikaa kwa shemeji miezi minane nikidunduliza, nikasemwa mpaka nikakonda. Sikufunguliwa uzi.

Kaka wa Ughaibuni
Sweden wamelimaliza hili. Wanakupa nyumba kwanza, mambo ya pombe na kazi yanafuata ukishakuwa na mlango wa kufunga.

Binti Gungu
Finland, kaka. Walianza 2008. Na hawajalimaliza, ila 2022 walikuwa wamebaki chini ya 4,000 nchi nzima. Aliyepewa nyumba anakuwa na mkataba, analipa kodi, na mshauri yupo jirani wa kumsaidia.

Kijana wa Kibirizi
Finland ukilala nje baridi inakuua. Huku unaumwa na mbu tu, tena wa kawaida 😂

Kaka wa Ughaibuni
Malaria imekuwa mbu wa kawaida siku hizi?

Jamaa wa Bangwe
Mnazunguka bure. Uzururaji upo kwenye Kanuni za Adhabu, ni kuutekeleza tu. Au turudishe Nguvu Kazi ya 84, kila mtu shambani. Halafu tuambizane ukweli, wengi wa hao si watu wa hapa, wametoka ng'ambo ya mpaka.

Mzee wa Ujiji
1983, mwanangu. Malori yalisomba watu Dar kuwapeleka vijijini kulima, na wengi wakarudi mjini. Kama huikumbuki, uliza.

Muha Halisi
Mzee tupishe kidogo. Jamaa wa Bangwe, hiyo "si watu wa hapa" umeitoa wapi? Nimezaliwa Kasulu, baba Kasulu, babu amezikwa Kasulu. Nilienda ofisi moja kuomba karatasi, kusikia Kigoma tu nikaambiwa niimbe wimbo wa taifa. Nikaimba. Wakaniambia rudia, ubeti wa pili umeuharakisha.

Jamaa wa Bangwe
Sijataja Waha. Asiye na kidonda mbona anawashwa?

Muha Halisi
Nawashwa kwa sababu wewe wa Bangwe ukifika Dar utaulizwa hivyo hivyo, na hutakuwa na mtu wa kukutetea.

Kijana wa Kibirizi
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Kaka wa Ughaibuni
Na hata wa ng'ambo, mwaka 2014 zaidi ya 160,000 waliokimbia Burundi 1972 na watoto wao walipewa uraia. Ni Watanzania kama wewe.

Jamaa wa Bangwe
Hao walikuwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Stesheni ya Kigoma imekuwa Ulyankulu lini?

Mwisho wa Reli
Jamani, niliuliza vyumba.

Muha Halisi
Vyumba baadaye. Huyu aombe radhi kwanza.

Kijana wa Kibirizi
Naacha karanga niseme moja. Ziwa lilipofungwa tusivue, Mei mpaka Agosti 2024, mimi mwenyewe nililala mwaloni wiki mbili. Tajiri wa mtumbwi hakuwa na kazi ya kunipa, chumba nikakirudisha. Bangwe, mimi ni wa ng'ambo ipi?

Jamaa wa Bangwe
Wewe ulikuwa unasubiri ziwa. Ni tofauti.

Mgebuka Mkavu
Tuseme vyumba vimejengwa. Mtu ataandikishwa kwa jina gani bila kitambulisho cha taifa, NIDA? Laini ya simu yenyewe hupati. Mkopo wa halmashauri nao wanataka kitambulisho.

Binti Gungu
Mgebuka leo nakubaliana na wewe, niandikieni tarehe. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, tena zaidi kwa vikundi. Mwanaume wa miaka 50 mwenye viungo vyake vyote anaingia wapi? Yule mzee wa Mwisho wa Reli hayumo popote, hata awe na NIDA tatu.

Muha Halisi
Na NIDA kwa mtu wa mpakani unajua inavyozungushwa. Lete cha baba, lete cha babu, lete wazee wawili wanaokujua. Anayelala barazani wazee hao atawatoa kwenye boksi?

Mzee wa Ujiji
Mimi naweza kumdhamini kama kweli ni wa huku. Anaitwa nani? Usiandike hapa, nitumie pembeni.

Mwisho wa Reli
Nimemuuliza leo alfajiri. NIDA hana. Ana cheti cha ubatizo, kakifunga kwenye nailoni mbili na kukiweka ndani ya kiatu cha kushoto. Ndiyo maana vile viatu anavilalia. Nilidhani anaogopa kuibiwa viatu.

Jamaa wa Bangwe
Cheti cha parokia ya upande gani wa mpaka?