Mjadala: Hewa ya sampu irudi kwenye tabo au imwagwe chini?

Gia Kubwa: Wakuu naomba mawazo. Nina lori la dizeli lenye tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), juzi nimefungua bomba la kwenda intakula (njia injini inapovutia hewa) nikakuta oili mle ndani, si ya kumwagika ila ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Fundi wangu anasema chanzo ni ule mpira unaotoka kwenye kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini) kuingia mbele ya tabo, anataka aukate, azibe tundu la upande wa tabo, afu ashushe mpira mrefu mpaka chini ya chesisi hewa ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, itokee nje. Nikubali au nikatae?

Mzee Mikono Myeusi: Kubali, tena leo. Injini za zamani nyingi zilikuwa na bomba linaning'inia chini na zilitembea mpaka bodi ikaoza injini bado inadai. Kuirudishia injini mvuke wa oili yake ni kumlisha mtu matapishi. Ikiwa na EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa egzosti kwenye injini, ndiyo balaa, masizi yanakutana na oili yanakuwa lami, manifoldi inaziba mpaka unaikwangua kwa bisibisi. Wanaopinga hili ni madereva wa siku hizi, hata kijiti cha oili hawajui kiko upande gani.

Dereva wa Usiku: Mzee shikamoo, ila hapo kwa madereva umenigusa pabaya. Sisi ndio tunaolala na hizo injini. Mi kila alfajiri kabla sijawasha nachomoa kijiti nafuta nachovya nasoma, mwaka wa 17 huu. Mafundi ndio mnajaza oili inapita alama ya juu, krenki (shafti kuu ya injini) inaipiga inakuwa povu, povu hilohilo linapanda na hewa kwenda kwenye tabo, afu lori likirudi gereji mnasema dereva kaua tabo!

Binti Spana: Gia Kubwa, kabla hujakata chochote, kichujio cha hiyo hewa kimebadilishwa lini? Utando mwembamba kwenye bomba la intakula ni kawaida kwa injini inayorudisha hewa. Ukikuta dimbwi ndiyo uanze kuhangaika.

Mzee Mikono Myeusi: Marahaba Dereva. Ila usinigeuzie kibao. Nani anatoka kupanda mlima na mzigo, anafika, anazima papo hapo? Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukizima oili inakatika, iliyobaki inaungua inakuwa kaa kwenye beringi. Sili (vizuizi vya oili isivuje) zikiisha upepo wa tabo nao unashukia kwenye sampu. Hiyo si kazi ya fundi.

Dereva wa Usiku: Nasubiri dakika 3 mpaka 5 kila siku, mzee, nani alikwambia nazima papo hapo? Unamzungumzia dereva wako mmoja unatubebesha wote.

Pua Kali: Mnagombana tu wakati hakuna aliyeuliza hiyo hewa inaenda wapi. Nimeendesha lori lililokatwa hivyo, ukisimama kwenye foleni harufu inapanda kupitia sakafuni, feni ya ndani inaivuta, jioni kichwa kinagonga. Ile si hewa, ni moshi uliopenya kwenye ringi za pistoni ukabeba na oili. Marekani walipiga marufuku kuanzia injini za 2007, na WHO walisema moshi wa dizeli ni kansa tangu 1988.

Karani wa Dizeli: Pua Kali nusu tu. 1988 walisema huenda unaleta kansa, ni 2012 ndipo IARC, shirika la kansa chini ya WHO, wakaupandisha kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta kansa. Na Marekani hawakufunga moja kwa moja, walisema injini ya tabo ikimwaga nje basi uchafu huo uhesabiwe pamoja na wa egzosti, jumla isivuke kikomo.

Mzee Mikono Myeusi: Sasa IARC walipima egzosti au walipima sampu? Egzosti! Msichanganye watu.

Pua Kali: Mzee, moshi ukipita juu ya pistoni ni sumu, ukipita pembeni ya pistoni unageuka marashi? Pua yangu ilikuwepo.

Kata Mafuta: Mi niko na Mzee, kwa sababu moja tu hamjaitaja. Ringi zikichoka au sampu ikijazwa kupita kiasi, oili inayoingia kwenye tabo inatosha kuiendesha injini yenyewe. Nimeshuhudia moja ikipanda mzunguko, funguo imezimwa, dizeli imefungwa, bado inalia. Haizimi mpaka uizibe hewa, na kuisogelea ni kuhatarisha maisha. Mpira ukiwa chini hilo haliwezekani.

Binti Spana: Linawezekana Kata Mafuta, sili za tabo zenyewe zikifa oili inaingia bila kupitia mpira huo. Umepunguza njia moja. Afu anayekata awe makini, tundu la mbele ya tabo lisipozibwa vizuri injini inavuta vumbi lisilochujwa, na mapanga ya tabo hayana msamaha. Mpira wenyewe ukitengeneza tumbo katikati maji na oili vinakaa pale, kwenye baridi kali vinaganda, hewa inakosa pa kutokea, inasukuma sili ya nyuma ya krenki. Umeokoa intakula, unashusha gia boksi kuifikia hiyo sili.

Dereva wa Usiku: Na kuna kompresa ya breki, ile pampu ya kujaza upepo wa breki. Ikichoka inapiga upepo kwenye sampu, fundi anaona injini inapumua sana anamwambia tajiri ringi zimekwisha, ovahoo. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Injini ilifunguliwa yote, ikafungwa, ikaendelea kupumua vilevile.

Mzee Mikono Myeusi: Hapo kwenye kompresa umesema kweli, sibishi. Ila aliyefungua bila kupima presha ya sampu huyo si fundi, usimweke kundi langu.

Dereva wa Usiku: Basi na wewe usiniweke kundi la wasiojua kijiti.

Gia Kubwa: Wazee wangu, lori liko juu ya mawe, fundi ameshika kisu. Nikate au nisikate?

Binti Spana: Nimeuliza mwanzo hukunijibu. Kichujio. Kwenye injini ya Cummins ya lita 6.7 ya pikapu za Ram, kwa mfano, kitabu kinataka kibadilishwe kila maili 67,500, kama kilomita 108,000. Kikiziba, presha inapanda, oili ya tabo inashindwa kushuka kwenye sampu, inatokea pembeni kwenye sili na kwenda hukohuko intakula.

Gia Kubwa: Kichujio kipi dada? Lile boksi jeusi juu ya tapeti? Mi nilijua kava tu. Nimelinunua lina kilomita 300,000 na sijawahi kuligusa.

Binti Spana: Mwambie aweke kisu chini, afungue hilo boksi kwanza.

Mzee Mikono Myeusi: Afungue, sawa. Bado nasema akate.