Naomba ushauri: nimpate vipi dalali wa nyumba anayeaminika Dar?

Habari za leo wakuu. Nimejikusanya miaka kadhaa, sasa natafuta nyumba ya vyumba vitatu maeneo ya Goba au Madale, bajeti yangu milioni 85. Nyumba zipo. Shida ni madalali.

Wiki tatu nimezunguka na madalali wanne. Kila mmoja anataka elfu 20 ya kunionyesha, mafuta ya bodaboda juu yangu, halafu nafika nakuta nyumba "imeuzwa jana". Nyumba moja nimeonyeshwa na wawili tofauti: huyu anasema milioni 78, mwenzake 92! Nikaomba kuonana na mwenye nyumba, wakapotea wote na simu hawapokei.

Huyu wa sasa anaongea vizuri, ila anataka asilimia 5 kutoka kwangu, na nahisi muuzaji naye anamlipa. Nyumba haina hati, ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Nikimwambia tuwaulize majirani na mjumbe, anadai kuna mteja mwingine anakuja na keshi. Muuzaji ana mke, sijamwona hata siku moja, na najua nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza.

Mliokwisha kununua, dalali mlimlipa lini, kabla au baada ya kusaini? Mliandikishana naye? Na kama kuna anayemjua wakili asiye na urafiki na madalali, naomba aniletee PM.