Eti "mkewe alikuwa anamshikia kitambaa"!

Wakuu, mhadhiri mwenyewe mnamjua, msinilazimishe kumtaja. Asubuhi hii kafika slaidi ya kunakili bakteria kwa mahameli, akatabasamu: "Joshua Lederberg, yule mwanajenetiki, alibuni njia hii, mkewe alikuwa anamshikia kitambaa." Darasa zima likacheka. Anamshikia kitambaa! Nilitamani ardhi immeze yeye na projekta yake na suruali yake ya pasi.

Huyo mke ni Esther Lederberg. Virusi vya lambda, vinavyoshambulia bakteria, ndani ya E. koli K-12 (aina ya bakteria wa utumbo wanaofugwa maabara) kavigundua yeye. Kipengele F, kinachomwezesha bakteria kumpa mwenzake jeni, jina la Esther limo kwenye makala ya 1952 pamoja na mumewe na mwanajenetiki Cavalli. Hata makala ya mahameli, 1952 hiyohiyo, ina majina mawili, MAWILI! Unavalisha kigogo mahameli safi, unagandamizia sahani ya bakteria, halafu sahani mpya zenye streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, moja baada ya nyingine. Bakteria wanaoota wanatokea palepale kwenye kila nakala, yaani usugu ulikuwapo kabla dawa haijawagusa. Hicho ndicho kitambaa alichokuwa "anashikia".

Nobel ya 1958 wakapewa mumewe na wanajenetiki wenzake Beadle na Tatum. Yeye, mwaka 1974, Stanford wakampa uprofesa wa kutegemea ruzuku: ruzuku ikikata, na kazi imekata. Halafu leo mtu anasimama na chaki, anamshikia kitambaa!

Fundi Darubini: Pole mkuu, umeandika mpaka simu yangu imepata moto 😂

Kisonoko: Sema ukweli, test ya jenetiki ulipata ngapi?

Mleta uzi: Alama zangu zinahusiana nini? ANAMSHIKIA KITAMBAA, jamani!

Dada Sahani: Nilisoma kwake mpaka nikahitimu, hilo jina ndiyo kwanza nalisikia hapa. Nina hasira sasa.

Kisonoko: Dada naye kashikishwa kitambaa.

Mtu wa Nyuma: Afadhali nyinyi mna slaidi. Wetu anasoma notsi zilizogeuka rangi ya chai, ukiuliza swali anakwambia utalikuta kwenye mtihani.

Fundi Darubini: Maabara yetu sahani moja ya aga (ile jeli ya kuoteshea bakteria) watu wanane. Ukipiga chafya, majibu ya kundi zima yamekwenda.

Mtu wa Nyuma: Aga mnayo? Nyie matajiri.

Dada Sahani: Tukiacha hayo, Bloku C maji yamerudi?

Kisonoko: Yalitoka saa kumi usiku, yakakata. Mwenye ndoo ya ziada aje inbox.