Huyu bingwa wetu wa "kunywa soda" leo kavuka mpaka

Kamba Mbili ameanzisha uzi:

Wakuu, simtaji. Hakuna haja, mnamjua. Ni yule ambaye uzi wa bendi ya tumbo (ile pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ili mtu apungue uzito, na inakazwa kwa kuongeza maji kupitia poti, kile kitufe kilicho chini ya ngozi) ukifunguliwa yeye kashajibu kabla mwenye uzi hajaweka nukta. Ana dawa ya kila kitu na dawa yenyewe ni moja: "unakula haraka, tafuna." Poti imevimba? Tafuna. Homa? Tafuna. Siku mtu akiandika humu kwamba nyumba yake inaungua, ataambiwa atafune mara ishirini halafu ajilaze.

Sasa leo. Mtu kaja na swali la dharura: bendi imekazwa juzi, tangu jana jioni hata maji hayashuki, mate yenyewe yanarudi na povu, maumivu yako chini ya chembe cha moyo na hayaachii. Jibu la pili tu, bwana mkubwa huyo: "KUNYWA SODA, RUKARUKA, ITASHUKA. Wiki mbili utazoea."

Kunywa soda!

Mate hayapiti, yeye anashauri soda. Nikamwandikia kwa adabu zote kwamba hapo anaua mtu. Jibu lake, na vicheko sita pembeni: "Punguza kitambi kwanza ndipo uje unifundishe." Watu kumi na tatu wakampigia makofi. Kumi na tatu!

Haya, twende na akili kidogo. Juu ya pete kuna kifuko cha mililita 15 hadi 30, yaani kikombe cha dawa ya kikohozi kinakijaza. Mlango wa chini umebanwa. Gesi ya soda ipite wapi? Itakitanua kifuko, mtu atatapika kwa nguvu, na kila anapotapika, mfuko wa chakula ulio chini ya pete unasukumwa kupanda juu kupitia kwenye pete. Huko ndiko kuteleza kwa bendi. Yaani bingwa anatibu kuteleza kwa kutelezesha. Na arukeruke! Na soda mkononi! Hata fundi bomba wa kubahatisha hawezi kuzibua bomba kwa kulifungulia maji zaidi.

Mate yakishindwa kushuka hakuna cha kusubiri asubuhi. Acha kula, acha kunywa, nenda palipo na mtu anayejua kutoa maji kwenye poti. Maji yatolewe YOTE, si ile nusu mililita ya kubembelezana. Eksirei ya kawaida inasaidia sana: bendi iliyokaa sawa inaonekana imelala mshazari, ncha ya juu ikitazama bega la kushoto, na unaiona kwa ubavu kama mstari mnene. Pembe yake na uti wa mgongo huwa kati ya nyuzi 4 na 58. Ukiiona imelala kimlalo, au imekugeukia ukaona duara wazi kama herufi O, hiyo imeteleza. Maji yakishatolewa na maumivu yakabaki palepale, au moyo unaenda mbio, ni chumba cha upasuaji moja kwa moja, kwa sababu sehemu iliyopanda inaweza kunyongwa, ikakosa damu na kufa. Hakuna soda ya kufufua nyama iliyokufa.

Na hilo la "wiki mbili utazoea" ndilo linanipandisha presha zaidi. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache tu za kutapika. Ikiisha, mtu anaanza kuyumba akitembea, macho yanachezacheza, anachanganyikiwa, na ubongo unaweza kubaki na kilema cha kudumu. Ndiyo maana anayetapika kwa muda mrefu anapewa B1 kwanza, kisha ndipo dripu ya glukosi, maana glukosi ikitangulia inamalizia ile B1 kidogo iliyobaki. Lakini sisi tunywe soda tuzoee.

Kitambi changu kinaingiaje hapo?

---

Mzee wa Kona:
Nakazia. Halafu ana wafuasi kuliko wasimamizi.

---

Pwaguzi:
Nimekuja mbio nikijua bendi imesambaratika na mwimbaji kahama, kumbe ni ya tumboni. Narudi zangu.

---

Sina Haraka:
Povu lote hili kwa soda moja. Mkuu sema ukweli, kilichokuuma ni mgonjwa au ni kitambi?

---

Kamba Mbili:
Vyote! Tena kwa usawa!

---

Bi Kizee Hodari:
Soda ni heri. Mwaka jana huyohuyo alimwambia mtu aliyekwamiwa na nyama akoroge ule unga wa kulainisha nyama, wenye papaini, anywe kijiko kila nusu saa. Mnaelewa maana yake? Papaini haijui hii ni nyama ya sahani na hii ni ya umio. Ikikaa juu ya kizuizi inalichubua umio lenyewe, na umio likitoboka hilo ni balaa jingine. Kilichokwama kama ni tonge tu, mtu asimame, atembeetembee, asiongeze chochote juu yake. Mara nyingi kitashuka au kitarudi chenyewe. Baada ya hapo ni vimiminika tu siku nzima, maana mlango umevimba, na anayerudi mezani baada ya saa moja anakwama tena kwa kitu laini kabisa. Halafu anashangaa.

---

Mtu wa Haki:
Mwacheni. Angalau yeye anajibu. Nyinyi mnaojua sana, mtu akiuliza saa nane usiku mnakuwa wapi?

---

Kamba Mbili:
Akijibu "kunywa soda" ni heri angelala.

---

Ncha Kali:
Mnapoteza muda na soda. Wahalifu wa kweli ni wale wanaochoma poti kwa sindano ya kawaida. Fungueni uzi wao nitaujaza peke yangu.

Kifuniko cha poti ni silikoni. Sindano ya kawaida inakata kipande na kuacha tundu. Sindano ya Huber ncha yake imepinda, inapenya pembeni bila kumega, na ikitoka silikoni inajifunga. Tundu likibaki, maji yanavuja taratibu. Miezi mitatu baadaye mgonjwa analalamika njaa imerudi na anaweza kumaliza sahani, anaambiwa hana nidhamu. Hana nidhamu! Vuta maji yote upime: kama kwenye kumbukumbu ziliwekwa 6 na zimetoka 4, mbili ziko wapi? Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Zikikosekana, weka dawa ya kuonekana kwenye eksirei ufuate mrija wote uone inapotokea, mara nyingi ni penye poti au penye kiungio.

Wengine wanachoma, wanagonga kitu kigumu, wanachoma tena, wanagonga, wanahamia pembeni. Poti imepinduka, ndugu! Mgongo wake umekugeukia. Acha kumfanya mtu chujio, mpeleke kwenye mashine ya eksirei uione ilivyolala, na kama imegeuka kabisa irudishwe na kushonwa upya.

---

Tumbo Dogo:
@Ncha Kali ongeza na hawa wasioandika aina ya bendi kwenye kadi. Bendi ndogo za zamani zinabeba mililita 4 tu, kubwa zinafika 10, nyingine 14. Mtu anaingia bila kuuliza anasukuma 5 kwenye bendi ya 4 halafu anasema "mbona leo imekaza sana." Kukaza kwa kawaida ni nusu hadi mililita moja kwa mara moja, na kabla mtu hajaondoka anywe maji ameketi palepale mbele yako. Maji yakisitasita, toa kidogo. Kumruhusu aende akajaribie nyumbani ni uvivu.

---

Sina Haraka:
Kwa hiyo soda imesahaulika, sasa ni sindano. Naweka kambi hapa.

---

Jicho la Tai:
Mimi wangu ni hawa wa kikohozi. Mtu ana bendi, anakohoa kila usiku, akiamka mto umelowa maji machungu, na dawa ya kikohozi ameshamaliza chupa nne. Hakuna anayemuuliza bendi imekazwa kiasi gani! Hicho kikohozi kinatoka kwenye umio. Chakula cha jioni kimekaa juu ya pete, akilala kinarudi, kinaingia mapafuni, na mwisho ni nimonia. Ikiachwa hivyo miaka, umio linatanuka na kulegea, linaacha kusukuma. Kulegeza bendi mapema mara nyingi kunarudisha hali, kuchelewa kunaacha umio bovu hata bendi ikishatolewa.

Dalili nyingine ambayo watu wanaifurahia badala ya kuiogopa: mkate haupiti, nyama haipiti, lakini aiskrimu na chokoleti vinateleza vizuri. Bendi imebana mno, mtu amehamia kwenye vitu laini, uzito unapanda, anadai akazwe zaidi. Na wanamkaza!

---

Kisu Hakilali:
Ndiyo maana sisi wa sliivu, tuliokatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, tunawaambia kila siku: toeni hayo mapete mkakatwe mfuko, yaishe.

---

Bi Kizee Hodari:
Wamefika.

---

Tumbo Dogo:
@Kisu Hakilali yaishe vipi? Ukishakatwa sehemu kubwa ya mfuko, hairudi. Mstari wa pini nao unaweza kuvuja, na mwenye kiungulia kikali kinaweza kuzidi. Pia kutoa bendi na kukata mfuko siku hiyohiyo si jambo la kila mtu. Pete inaacha ganda la kovu gumu, na pini zikipigwa juu ya kovu hazishiki vizuri. Madaktari wengi wanatoa kwanza, wanaacha panyamaze miezi kama mitatu, kisha wanarudi. Kama bendi imeshatoboa mfuko, hapo kusubiri ni lazima.

---

Kisu Hakilali:
Umekasirika kwa sababu ni kweli.

---

Ncha Kali:
Mmesema kutoboa, mmenikumbusha. Poti iliyokaa kimya miaka miwili halafu ghafla ikawa nyekundu, inauma, inatoa usaha: wanatoa antibiotiki, inakauka, inarudi, antibiotiki tena. Maambukizi ya wiki za kwanza baada ya upasuaji ni jambo jingine. Yakija baada ya miaka, shuku kwanza kwamba bendi imekula ukuta wa mfuko na vijidudu vinatembea juu ya mrija hadi kwenye poti. Hasa kama mtu anasema pia hasikii tena kubanwa hata ukiongeza maji. Ingiza kamera, utaiona pete nyeupe ndani ya mfuko imekutolea macho. Kubadilisha poti peke yake hapo ni kuchoma pesa, pete lazima itoke.

---

Jicho la Tai:
Na wakimaliza wanaandikiwa diklofenaki ya maumivu. Diklofenaki! Ibuprofeni! Kwa mtu ambaye ukuta wa mfuko wake unasuguana na silikoni usiku na mchana. Parasetamoli ya maji ipo.

---

Kamba Mbili:
Jamani uzi ulikuwa wa soda. Yule bwana bado yuko kule anaendelea kugawa ushauri, sasa anasema aongeze na limau.

---

Sina Haraka:
Mkuu tulia kidogo, wakubwa wanaongelea vidonge.

---

Mzee wa Kona:
Kwenye vidonge mnakosea wote mnaosema "saga kila kitu." Vile vya kutoa dawa polepole ukivisaga dozi ya siku nzima inaingia mara moja. Hivyo vibadilishwe, viwe vya maji au vya kuyeyuka mdomoni. Vile vya kawaida vikubwa, kata au saga, unywe na maji mengi kidogo kidogo.

---

Bi Kizee Hodari:
"Maji mengi kidogo kidogo" ndiyo nini sasa?

---

Mzee wa Kona:
Mafunda madogo, mengi. Usijifanye hujaelewa.

---

Tumbo Dogo:
Na vile vya chuma? Vile vikikwama vinachoma umio vibaya sana. Vya chuma ni vya maji tu, hakuna kukata wala kusaga.

---

Mzee wa Kona:
Vya maji vinatia weusi menoni.

---

Tumbo Dogo:
Tumia mrija, piga mswaki baadaye.

---

Kisu Hakilali:
Sisi wa sliivu tunameza vizima.

---

Ncha Kali:
Muongo huyu. Nenda kwenye uzi wenu wa wiki iliyopita, mnagombania nani ana kisagio kizuri.