Nimeuziwa kibanda namba 13 cha London Eye. Wakuu, hicho kibanda hakipo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo uandishi mtanisamehe. Na mods msiupeleke huu uzi jukwaa la vichekesho, hii ni hela ya zamu za usiku.

Bi mkubwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua, na tangu ashuke kwenye ndege ombi lake ni moja: kupanda London Eye, lile gurudumu kubwa lenye vibanda vya abiria, linalorushiwa fataki kila mwaka mpya. Tunaishi Reading, London si mbali, nikasema mama yangu hapangi foleni hata kwa dawa. Kwenye kundi la WhatsApp la Wabongo wa huku kuna jamaa anajiita wakala wa utalii. Jina silitaji, wanaomjua wamemjua.

Ujumbe wake ninao mpaka leo: "Hakuna foleni. Huduma maalumu ya wazee. Kibanda namba 13, familia yako peke yenu. Saa tano kamili asubuhi." Paundi 310, watu sita. Huyo wa sita ni binti yangu wa miezi kumi na moja! Nikamuuliza, na kichanga analipa? Akanijibu, "VIP inahesabu vichwa, mkuu." Nikatuma hela. Ndiyo, nilituma, msianze.

Jumamosi tukapanda treni hadi Waterloo. Jua linawaka, hakuna wingu, bi mkubwa kajitanda kanga yake juu ya koti la baridi, anasalimia watu ambao hawamjibu. Tiketi zilikuja kwenye simu tukiwa njiani na mimi sikuzisoma vizuri. Hilo kosa langu. Tunafika getini, dada anaziskani, anatuangalia kwa huruma: hizi ni za saa tisa na nusu alasiri, tena za kawaida. Foleni ya haraka ni ile pale, lakini si yenu.

Piga simu, haipokelewi. Ujumbe unasomwa, kimya.

Masaa manne na nusu wakuu tumekaa kwenye benchi la Jubilee Gardens, mama kanyoosha mguu juu ya begi la nepi. Chipsi za watu watano bei yake sitaki hata kuiandika. Saa nane mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Bunge, saa tisa manyunyu, halafu tukapanga ile foleni tuliyoambiwa haipo, dakika hamsini.

Hapo sasa ndipo mwanangu wa miaka tisa alipoanza kutafuta kibanda chetu, maana nilishamwambia ni namba 13. Vinapita mbele yetu anavihesabu: 10, 11, 12, 14. Akadhani amekosea, akasubiri. "Baba, wa 13 umeenda wapi?" Nikamuuliza kijana wa pale. Alicheka mpaka akashika reli. Vibanda viko 32, namba zinakwenda mpaka 33, kwa sababu 13 wameiruka kwa kuogopa mkosi. Gurudumu limefungua milango kwa watu mwaka 2000, na kibanda hicho hakijawahi kuwepo.

Yaani jamaa hakuona hata haja ya kudanganya kwa namba iliyopo.

Hiyo "huduma maalumu ya wazee" nayo sikilizeni. Lile dude kwa kawaida halisimami, linatambaa sentimita 26 hivi kwa sekunde na watu wanaingia hivyo hivyo. Bi mkubwa kuona vile akarudi nyuma: "Kumbe linatembea! Hapa ni kudandia kama daladala?" Nikamwonyesha yule yule kijana goti la mama. Akainua mkono, gurudumu zima likasimama, mama akaingia taratibu kama bi harusi. Bure. Wala hakuniuliza tiketi yangu ni ya aina gani.

Ndani tulikuwa na wageni wengine kumi na kitu, familia peke yetu tuliiacha WhatsApp. Kule juu ni mita 135, na siku safi wanasema macho yanafika hadi Windsor. Asubuhi ile ingewezekana. Sisi tuliona Big Ben, mto una rangi ya chai ya maziwa, halafu pazia jeupe. Nusu saa, tumeshuka. Mama hakulalamika, alisema "ukungu huu kama wa Lushoto," na kusema kweli hapo ndipo niliumia zaidi.

Tiketi zenyewe zina bei juu yake: jumla paundi 165. Ya kichanga imeandikwa sufuri.

Jamaa alijibu saa mbili usiku: "Mkuu, lakini si mmepanda?"

Nimemwandikia arudishe 145 zangu, kanitoa kwenye kundi. Nililipa kwa kutuma benki moja kwa moja, si kwa kadi. Aliyewahi kudai hela ya namna hii benki za huku anipe utaratibu, bi mkubwa anaondoka tarehe 28 na nataka nimrudishe siku yenye jua, safari hii nikate mwenyewe.

Wakati naandika haya nimetumiwa tangazo lake jipya na mtu aliyebaki kundini: "Krismasi London na familia, VIP, viti vimebaki vichache." Wakuu, mle ndani kuna benchi moja tu la mbao, katikati.